Mlio Mmoja pale Hagthwaite

Jumanne ile nilitoka nyumbani na tangazo, gundi ya karatasi na tochi. Wilf, mume wangu, alikuwa amenyoosha miguu mbele ya jiko, soksi zake zinafuka mvuke. Akaniuliza naenda wapi na kiza hiki.

"Kubandika tangazo kwenye kibanda cha simu."

"Ili nani alisome? Kondoo?"

"Kondoo nao wana haki ya kutoa maoni."

Akacheka mpaka akakohoa. Nami nikatoka nacheka. Nataka mjue hivyo tangu mwanzo: nilitoka nacheka, na sikuwa mwanamke wa kuogopaogopa.

Mimi ni Avril Sunter, katibu wa halmashauri ya kijiji cha Hagthwaite. Cheo kikubwa hicho, msikicheke. Katibu ndiye anayechemsha chai ya mkutano, ndiye anayeandika barua zote, na mtaro ukiziba ndiye anayetukanwa. Wiki ile kampuni ya simu ilikuwa imetuandikia. Kibanda chetu chekundu pale mwisho wa kijiji kilikuwa kimetumika mara kumi na moja tu mwaka mzima, kwa hiyo wanataka kukiondoa. Nibandike tangazo kwa wiki sita. Mwanakijiji yeyote akileta pingamizi la maandishi, hata mmoja, kibanda kitabaki. Asipotokea mtu, lori litakuja kukibeba.

Sasa kuna jambo moja lazima nilieleze, la sivyo hamtanielewa.

Bonde letu halishiki mtandao mpaka leo. Na zamani, simu ilikuwa kitu cha kubania. Kwa hiyo tulikuwa na mtindo wetu, na hata sasa wengi tunao. Ukivuka nyika ya Skell ukafika salama, unapiga simu kule ulikotoka, unaiacha ilie mara tatu, unakata. Milio mitatu: nimefika. Ukikwama njiani unaiacha ilie mara moja tu. Mlio mmoja: nimekwama, nimekaa hapa hapa, njooni mnichukue. Nyie wenye kubipu mtanielewa haraka. Sharti ni kwamba anayengoja asiguse simu. Akipokea, hesabu imeharibika, na sarafu ya mwenziwe imeliwa bure.

Na mlio mmoja ukisikika, mwanamume wa Hagthwaite haulizi ni nani. Anavaa viatu, anachukua kamba na taa, anapanda nyikani. Wilf wangu ana miaka sitini na sita na goti la bandia, na bado kamba yake inaning'inia nyuma ya mlango.

Nilifika kibandani saa kumi na robo. Novemba yetu saa hiyo tayari ni usiku mdogo. Kibanda kiko peke yake, na nyumba iliyo karibu ni moja tu, ya Bi Enid Alderson, ajuza wa miaka themanini na tisa anayeishi mwenyewe. Nikauvuta ule mlango mzito, nikaingia, ukajifunga nyuma yangu. Ndani mlinuka unyevu na utandu wa buibui. Nikabandika tangazo usawa wa macho, na chini yake nikaandika kwa kalamu nene: Mwenye pingamizi amwone Katibu, au apige nyumbani kwake. Nikaweka na namba yetu.

Nikalainisha pembe za karatasi kwa kidole gumba...

Simu ikalia.

Niliruka nikagonga kichwa kwenye kioo. Lakini mkono haukwenda kwenye simu. Tumelelewa hivyo. Nilisimama nikahesabu, midomo inacheza.

Moja.

Nikangoja ya pili.

Haikuja.

Kimya kilichofuata kilikuwa kizito kiasi kwamba nilisikia taa ya juu ikivuma. Kisha nikasikia harufu. Sufu iliyolowa, ile ya koti lililonyeshewa. Na juu ya sufu, tamu na baridi... pipi ya mnanaa.

Vioo vilikuwa vimeingia ukungu. Si kwa pumzi yangu. Nilikuwa nimezuia pumzi.

Kitu kikagonga kioo nyuma yangu.

Nikageuka. Alikuwa Bi Enid, shali kichwani, uso wake umekaribia kioo. Nikasukuma mlango nusura nimwangushe.

"Imelia mara ngapi?" akaninong'oneza.

"Mara moja, Bi Enid. Umenitia kiwewe."

Akatikisa kichwa polepole. Hakushangaa hata kidogo.

"Huwa ni moja," akasema. "Hujapokea?"

"Sijapokea."

"Vizuri, mwanangu. Usije ukapokea."

Kisha akaona tangazo. Akalisoma kwa tochi yangu, neno baada ya neno, kidole kikifuata mistari. Alipofika mwisho akanishika mkono.

"Njoo ndani," akasema. "Nitakupa chai. Na pingamizi lako nitakupa."

Jiko lake lilikuwa na joto, na kiti chake kilikuwa kimegeuzwa kutazama dirisha linaloona kibanda. Zulia mbele ya kiti lilikuwa limelika alama za miguu miwili. Nikaelewa kwamba amekaa pale miaka mingi sana. Ukutani kulikuwa na picha ya msichana wa miaka kumi na sita, amevaa koti la sufu, anacheka na jua machoni.

Habari za Noreen, binti yake, kila mtu Hagthwaite anazijua. Desemba ya mwaka sitini na saba alipanda nyikani kwa miguu kwenda njia panda ya Coldgate, akadake basi la kwenda Crossdale. Alikuwa amepata kazi kwenye nyumba ya wageni huko. Pale Coldgate, juu kabisa, siku hizo kulikuwa na kibanda kingine cha simu. Akiona basi linakuja, angempigia mama yake milio mitatu kwenye kibanda chetu. Basi lisipokuja, mlio mmoja. Watu wanasema alipiga mitatu, wanasema labda aliona taa za mbali akadhani ni basi. Basi halikuwahi kupanda siku ile. Theluji ilishuka siku tatu mfululizo, barabara zikafungwa, na nyumbani hakuna aliyekuwa na wasiwasi, maana milio ilikuwa mitatu. Baada ya wiki ndipo barua ikaja kutoka ile nyumba ya wageni, wakiuliza mbona msichana hajafika.

Alionekana Aprili, theluji ilipoyeyuka. Alikuwa amekaa nyuma ya kibanda cha Coldgate, mahali upepo haufiki, mfuko wake magotini.

Bi Enid alinimiminia chai, akaisahau yake.

"Haikuwa mitatu," akasema.

Nikaweka kikombe changu mezani.

"Nilisimama mle ndani nangoja. Theluji imeanza. Amos wangu alikuwa kitandani na kifua chake, daktari amesema akipigwa na baridi tena hatoki. Simu ikalia. Na mkono wangu... Avril, mkono wangu ulitangulia. Nilitaka kusikia sauti yake tu. Nikapokea kwenye mlio wa kwanza."

"Ukasikia nini?"

"Pi-pi-pi. Simu inadai sarafu. Halafu kimya. Nikarudisha, nikangoja apige tena. Upepo ukawa umeshakata waya." Alifuta meza iliyokuwa safi. "Kwa hiyo sijui. Ilikuwa iwe moja au iwe tatu, sijui. Nikarudi nyumbani. Amos kainuka kwenye mto, ameshashusha mguu mmoja chini. Akaniuliza, imelia mara ngapi?"

Alinitazama.

"Nikasema tatu."

Moto ukajigeuza ndani ya jiko. Nilitaka kumshika bega, na nilitaka kutoka mbio. Nilikaa tu.

"Nilimwambia Noreen, ukikwama kaa hapo hapo, baba yako atakuja. Alikuwa mtoto mtiifu," akasema. "Amos aliishi miaka ishirini zaidi. Sikumwambia kamwe. Jioni aliyozikwa ndipo simu ilipoanza kulia. Saa kumi na nusu, kila siku, mlio mmoja. Siwezi kuishusha hatia yangu, lakini angalau nakaa pale asikie kuwa kuna mtu anasikia. Wakikiondoa, mwanangu atapiga wapi?"

Akaandika pingamizi palepale, kwenye karatasi ya kuandikia barua za rambirambi, maana hakuwa na nyingine. *Napinga kibanda kuondolewa. Binti yangu bado anapiga. E. Alderson.* Akaikunja, akanipa.

"Wewe ndiye utawasomea?"

"Mimi, Bi Enid. Nakuahidi."

Wiki sita zile nilipita mbali na kibanda. Nikienda kanisani nilizunguka njia ya nyuma, nikimwambia Wilf nataka mazoezi. Barua ilikaa kwenye mkoba wangu. Kila nilipoitazama niliusikia ukumbi mzima unacheka, na juu ya wote Clive Oldroyd, mwenyekiti wetu, aliyekuwa dalali wa mnada wa kondoo, ambaye hata siri huinong'oneza kwa sauti ya mnada. Na nilijiambia kuwa ni hitilafu ya waya. Ajuza amechanganyikiwa kwa huzuni, nami nimeambukizwa.

Siku moja kabla ya mkutano nikaamua kuhakikisha. Nitasimama mle, itakapolia nitapokea, nitasikia mikwaruzo ya waya mbovu, nitarudi nyumbani kupika viazi. Huo ndio uliokuwa mpango wangu.

Saa kumi na nusu kasoro dakika mbili nilikuwa ndani. Nje theluji nyembamba ilikuwa inatafuta pa kukaa. Dirishani kwa Bi Enid taa ilikuwa imewaka, lakini kiti kilikuwa kitupu, maana wiki ile alikuwa amelala na kifua. Nikaushika mkono wa simu kabla simu haijalia, nikaubana kwa vidole vyote. Ulikuwa umelowa. Matone yalikuwa yanadondoka kwenye vitundu vya kusemea, tone... tone... juu ya kiatu changu.

Ikalia.

Nikapokea kwenye mlio wa kwanza.

Kwanza nikasikia upepo. Si mikwaruzo. Upepo wa juu, ule wa nyikani, ninaoujua tangu utotoni. Ndani ya upepo kulikuwa na sauti ndogo, kavu. Tik. Tik. Nilikaa kidogo kabla ya kuitambua. Ni pipi inayogonga meno.

"Mama?"

Sauti ya msichana. Karibu mno. Haikuwa inatoka Coldgate, ilikuwa inatoka kwenye shingo yangu.

"Mama... mbona umepokea?"

Harufu ya sufu ikajaa kibanda kizima.

"Bado nipo," akanong'ona. "Nimekaa hapa hapa, kama ulivyosema. Baba yuko njiani?"

Sikumjibu. Nimeishi na hilo kila siku tangu jioni ile: mtoto aliniuliza swali, na mimi mtu mzima sikumjibu. Niliachia mkono wa simu ukaning'inia, nikaupiga mlango kwa bega, nikakimbia mpaka kwetu. Wilf akaniuliza mbona sikio langu moja ni jekundu hivyo. Nikasema baridi. Lilibambuka ngozi kwa siku nne.

Mkutano ulikuwa Alhamisi, saa nane mchana, kwenye ukumbi wa kijiji. Tulikuwa watu saba na sahani ya biskuti. Clive alikuwa amechangamka.

"Kibanda cha simu!" akatangaza. "Mara kumi na moja mwaka mzima, na nane kati ya hizo nasikia ni mkewe Dennis anapiga kuulizia kama Dennis yuko baa."

"Baa yenyewe imefungwa," mtu akasema.

"Ndiyo maana Dennis hapatikani!"

Wakacheka. Peggy Thwaite, mama wa duka la zamani, akapendekeza tukichukue wenyewe kwa pauni moja, kama vijiji vingine, tuweke vitabu.

"Vitabu vitaota uyoga," Clive akasema. "Wengine wameweka mashine ya kushtua moyo. Hapa kwetu ukimshtua mtu moyo atauliza nani atalipia umeme. Haya, Avril, tusichelewe kukamua. Pingamizi ngapi?"

Mkoba ulikuwa magotini mwangu. Barua ilikuwa ndani. Nilikuwa nimeahidi.

Nikawaza kile kicheko. Lakini nitasema kweli, kicheko kilikuwa kisingizio. Nilikuwa naogopa. Nilitaka kibanda kile kiondoke duniani, na ile sauti iondoke nacho, nisije nikaulizwa tena swali lile. Bi Enid hakuwepo, barabara ilikuwa barafu tupu. Alikuwa ameniamini.

"Hakuna," nikasema.

"Hata moja?"

"Hata moja."

Clive akagonga meza kwa kijiko. Kimeuzwa.

Lori lilikuja wiki ya pili ya Januari. Nilikwenda kusimamia, ndiyo kazi ya katibu. Fundi alikuwa kijana wa mjini, mchangamfu. Nikamuuliza, kama vile napitisha muda, kama simu inaweza kulia yenyewe.

"Hizi za zamani? Sana tu, mama," akasema. "Unyevu ukiingia kwenye waya, jua likizama baridi ikashuka, inajililia mara moja inanyamaza. Tunaona kila msimu."

Nilimpenda kijana yule. Nilihisi mgongo unanyooka.

"Na sauti?" nikauliza. "Unyevu unaweza kutoa sauti?"

"Sauti gani?"

"Basi tu."

Wakakinyanyua kibanda kwa winchi, kikabembea hewani, tangazo langu bado limo ndani na namba yetu kwa kalamu nene. Bi Enid alikuwa amesimama mlangoni kwake. Nikamwendea, maana kutokwenda kungekuwa vibaya zaidi.

"Waliisoma barua yangu?"

"Waliisoma, Bi Enid."

"Wakasemaje?"

"Walikusikitikia sana."

Aliyatazama magurudumu ya lori mpaka yakapotea kwenye kona. Hakulia. Alifunga vifungo vya sweta yake, kimoja kimoja, kwa uangalifu wa mtu anayejiandaa kutoka.

"Basi amekwishangoja vya kutosha," akasema.

Nilisikia neno hilo kwa masikio yangu, nikaenda nyumbani.

Asubuhi ya tatu yake Peggy alikuta mlango wa Bi Enid uko wazi na jiko limezimwa vizuri. Wilf na wenzake walipanda nyikani na kamba zao. Hawakutafuta sana. Alikuwa Coldgate, juu ya lile jukwaa la saruji palipokuwa na kibanda zamani, amekaa upande upepo haufiki. Maili nne za mlima, miaka themanini na tisa, kifua kibovu, usiku wa barafu. Daktari akasema ni baridi, na mzee akikaribia mwisho mara nyingine hupata nguvu za ajabu. Akasema hakuteseka.

Wilf aliniambia jambo moja kitandani, taa ikiwa imezimwa.

"Alikuwa amekaa pembeni, Avril. Kama mtu aliyempisha mwenziwe."

Nikavuta blanketi mpaka kidevuni.

"Na mdomoni alikuwa na pipi ya mnanaa. Nzima. Haijayeyuka."

Tulimzika Ijumaa, karibu na Amos na Noreen. Mvua ya theluji ilikuwa inakatakata nyuso. Niliimba kwa sauti kubwa kuliko wote, na kila mtu akadhani ni mapenzi. Nilirudi nyumbani peke yangu, Wilf akabaki kurudisha viti ukumbini. Sikuwa nimevua hata kofia.

Saa ya ukutani ilionyesha kumi na nusu.

Simu yetu ikalia.

Moja.

Nilishika ukingo wa meza.

Mbili.

Tatu.

Ikanyamaza.

Nilikaa chini, sakafuni, na koti langu la msiba, nikalia kwa kwikwi kama sijawahi kulia tangu mama yangu afariki. Amefika. Alikwenda mwenyewe, akamchukua mwanawe, wamefika. Nilimshukuru Mungu. Nilitoa ile barua kwenye mkoba nikaitia jikoni, nikaitazama mpaka ikawa majivu. Usiku ule nililala kwa mara ya kwanza tangu Novemba.

Siku ya pili theluji ilishuka kwelikweli. Adhuhuri ukuta wa shamba ulikuwa hauonekani tena. Wilf alikwenda kulisha kondoo, akarudi amechelewa, kavaa barafu kwenye nyusi. Alikaa kwenye kistuli cha mlango wa nyuma kufungua kamba za viatu. Masikio yake yameharibiwa na trekta miaka arobaini, lazima umpigie kelele.

Mimi nilikuwa sebuleni nakunja nguo.

Simu ikalia.

Moja.

Nikangoja. Soksi mkononi.

Nikangoja ya pili. Niliiomba. Niliitazama ile simu nikaiomba kwa sauti.

Haikuja.

Ukungu ulipanda taratibu kwenye kioo cha dirisha. Wilf bado alikuwa nyuma ya mlango wa jiko, na koti lake lilikuwa la plastiki, si la sufu. Lakini sebule nzima ilikuwa inanuka sufu iliyolowa.

Mmoja wao amefika. Sijui ni yupi. Mwingine bado amekaa kule juu, hapo hapo, na namba anayoijua sasa ni yetu.

"Avril!" Wilf akaita. "Ni simu hiyo?"

"Ndiyo."

Nilimsikia ameacha kufungua kamba. Kiatu kimoja tayari, kingine bado mguuni. Kamba yake ya nyikani ilikuwa inaning'inia usawa wa bega lake, na taa kando yake. Nilijua kwamba asingeuliza ni nani. Nilijua angepanda, na goti lile, na theluji ile. Nikamwona Enid amesimama mbele ya kitanda cha Amos, na nikamwelewa mpaka ndani ya mifupa.

"Imelia mara ngapi?"

Nje, upepo uligeuka, ukaanza kuja kutoka nyikani.

"Tatu," nikasema.

"Basi vizuri," akasema Wilf, na nikamsikia akivua kiatu cha pili.